Imeganda, Imezima au Imegoma?

Anayetafsiri miongozo ya kompyuta hulikuta neno moja la Kiingereza linalobeba kila aina ya kifo cha mashine, naye mara nyingi hulilipa kwa neno moja: seva "imeanguka". Kifaransa cha ofisi za Goma, mashariki mwa Kongo, nacho kina kitenzi kimoja, na vijana wa mji wamekivika viambishi vyetu: masini imeplante. Naona hasara hapo. Kiswahili cha kila siku kina vitenzi vitatu, kuganda, kuzima na kugoma, na kila kimoja kinamwelekeza fundi upande wake. Tukivikunja kuwa kimoja ili istilahi ionekane nadhifu, tunatupa kipimo tulichokuwa nacho mkononi. Pa kulipima jambo hili ni tatizo wanalolijua mafundi wengi: seva inafanya kazi mchana kutwa bila kulalamika, kisha inakufa usiku, saa ileile iliyopangwa kunakili data kwenye kanda.

Kwa nini saa ile? Mchana seva hutumikia watu wachache kwa vipande vidogo, faili hili na barua ile. Usiku, nakala ya akiba inapoanza, huamriwa kusoma kila kitu kuanzia mwanzo wa diski hadi mwisho, pamoja na pembe ambazo hazijaguswa kwa miezi. Sehemu mbovu ya diski iliyokuwa imelala kimya inaguswa kwa mara ya kwanza. Diski zote zinafanya kazi pamoja, joto linapanda, pawasaplai inatoa nguvu ambayo mchana haijawahi kuombwa. Na kanda haina subira. Kanda za aina ya LTO, zilizoanza mwaka 2000 zikibeba gigabaiti 100 na kufikia terabaiti 18 katika kizazi cha 9, hupenda kupokea data kwa mkondo usiokatika. Mkondo ukilegea, mashine ya kanda husimama, hurudi nyuma kidogo, hujipanga, huanza tena. Ukiwa karibu utaisikia ikienda na kurudi kama mtu anayesugua kiatu kwa brashi. Mara nyingi, basi, nakala ya akiba haimuui mgonjwa. Inampandisha mlima, na moyo dhaifu unajulikana mlimani.

Hapo ndipo vitenzi vinapofanya kazi. Seva iliyoganda ina taa zinazowaka na feni inayozunguka, ila skrini haibadiliki na kitufe hakijibu. Fundi aliyeambiwa hivyo ataanzia kwenye waya wa mashine ya kanda na, kwa mashine za zamani, kile kipande kidogo kinachofunga ncha yake, kwenye kidhibiti kinachotumiwa na kanda na diski kwa pamoja, na kwenye programu ya kuendeshea kifaa, kwa kuwa programu hiyo hukaa ndani ya kiini cha mfumo na kosa lake linaweza kuushika mfumo mzima. Seva iliyozima ni habari nyingine: giza, au imejiwasha upya yenyewe. Hapo anatafuta umeme, joto, pawasaplai, betri ya akiba iliyozeeka. Seva iliyogoma iko hai, wafanyakazi wanaikuta asubuhi ikipokea kazi kama kawaida, lakini kazi ya kunakili haikufanyika au ilikatika njiani: kanda imejaa, imechakaa, nywila imebadilishwa, faili limeshikiliwa na programu nyingine.

Mtu atasema kumbukumbu za mfumo zipo, na fundi mwenye akili hasikilizi vitenzi vya watu, anasoma kumbukumbu. Hoja hii ni nzito, lakini haifiki mwisho. Katika Windows, seva ikiisha kuwashwa upya hurekodi tukio namba 6008, maana yake ilifungwa bila kutarajiwa mara iliyopita. Tukio hilo huandikwa umeme ulipokatika. Huandikwa pia seva ilipoganda saa nane za usiku na mlinzi akaja kubonyeza kitufe saa kumi na mbili asubuhi. Kwa macho ya kumbukumbu, kuganda na kuzima vinaweza kufanana kabisa, na anayejua tofauti ni yule aliyeiona mashine kabla ya kuigusa. Ushahidi wake hauna namba, una kitenzi tu.

Na huyo shahidi si lazima awe fundi. Fikiria Burungu, kule kwenye vilima vya Masisi, ambako fundi anayeitwa huwa Goma, na kati yao kuna barabara ya Sake ambayo vita huifunga wakati wowote. Kifaa cha uchunguzi hapo ni simu. Anayepiga atasema kwanza "masini imekufa", neno pana kama lile la miongozo, na swali la kwanza la fundi litakuwa: imekufa namna gani? Atajibiwa "imebloke", "imezimika" au "imekatala", na kwa neno hilo moja theluthi mbili za kazi ya kubahatisha zimeondoka. Msomaji wa Dar es Salaam atabadilisha imebloke kuwa imeganda, na imekatala kuwa imegoma, bila kamusi. Mgawanyo ni uleule kutoka pwani hadi Kivu, hata maneno yakibadilika, nami nauona huo kuwa ushahidi kwamba haukubuniwa na wataalamu. Aidha, umeme wa huku Kivu hauruhusu tuchanganye. Goma imetegemea umeme wa maji wa Ruzizi kwa miaka mingi, na baadaye wa kituo cha Matebe pia, kilichozinduliwa 2015, lakini vita vya Januari 2025 viliuacha mji gizani kwa siku kadhaa. Vijijini, jenereta huzimwa usiku ili kubana mafuta. Ratiba ya kunakili saa nane za usiku ilibuniwa na watu ambao umeme wao haulali. Ikiletwa huku bila kuguswa, seva itazima kila siku na fundi atabadilisha kanda bure.

Pingamizi la pili ni la wanaistilahi wenyewe: mtu wa kawaida husema simu imezima hata pale ilipoganda, kwa hiyo maneno haya hayana mipaka. Kweli, hayana mipaka ya kisheria. Lakini istilahi ndiyo kazi hiyohiyo, kuchukua neno lililo mdomoni na kulichorea mpaka. "Kanda" ilikuwa ya muziki kabla ya kuwa ya data, na hakuna anayeichanganya.

Kitenzi cha tatu ndicho kinachodharauliwa zaidi, kwa sababu kugoma hakuna kishindo. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu. Ilipokimbilia nakala za akiba, ikakuta zile za kila siku zilikuwa zimegoma kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu, na barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani. Data ya takriban saa sita ikapotea moja kwa moja. Nakala hizo hazikuhitaji seva izime wala igande ili zishindwe. Neno "kuanguka" lisingemfanya mtu yeyote afungue hifadhi ya nakala kutazama.

Kinachobaki kigumu ni nomino. Mgando unapita, ingawa unanukia maziwa ya Masisi kuliko kompyuta. Mzimiko unaweza kuzoeleka. Lakini "mgomo wa seva" utamfanya kila mfanyakazi wa serikali acheke na kuuliza seva inadai mishahara ya miezi mingapi, na kwa hilo sina jibu, isipokuwa kuacha kitenzi kibaki kitenzi kwenye daftari la zamu: tarehe, saa, imegoma.