Sayari ya wino na sayari ya hewa

Jioni ya tarehe 23 Septemba 1846, Johann Encke, mkuu wa kituo cha falaki cha Berlin, alikuwa nyumbani akisherehekea kutimiza miaka 55. Darubini kubwa ya kituo hakuwa na haja nayo usiku huo. Msaidizi wake, Johann Galle, alipomwomba aitumie, alikubali, japo shingo upande.

Siku hiyohiyo Galle alikuwa amepokea barua kutoka Paris. Mwandishi wake, Urbain Le Verrier, alianza kwa kumshukuru kwa tasnifu ambayo Galle alimtumia mwaka mmoja nyuma, na ambayo muda wote huo hakuijibu. Baada ya adabu hizo za kuchelewa akatoa shida yake. Alimtaka Galle aelekeze darubini mpakani mwa makundi ya nyota ya Jadi na Dalu, kwani hapo pana sayari isiyojulikana bado na mtu yeyote.

Mwanafunzi mmoja, Heinrich d'Arrest, aliomba naye awemo. Ndiye aliyekumbuka kwamba Akademia ya Berlin ilikuwa imechapisha ramani mpya ya sehemu ileile ya anga, ambayo nchi nyingine zilikuwa hazijaipata. Wakaitoa ilikohifadhiwa. Galle akakaa kwenye darubini, akawa anataja nyota moja baada ya nyingine, ilipo na ung'avu wake, na d'Arrest anazitafuta kwenye ramani. Ipo. Hii nayo ipo. Ile pia ipo. Haikupita saa nzima d'Arrest akapaza sauti: hiyo haimo! Ilikuwa pungufu ya digrii moja kutoka mahali alipopataja Mfaransa. Encke akaitwa kutoka kwenye sherehe yake, wakaikodolea macho mpaka ikazama. Usiku uliofuata ikawa imesogea kidogo, jambo ambalo nyota haifanyi. Ndiyo sayari tunayoiita leo Neptuni.

Si kwamba ilikuwa haijapata kuonwa. Galileo aliichora Desemba 1612 na tena Januari 1613, akaidhania nyota tu. Lakini kabla ya Galle hakuna aliyewahi kuigundua sayari kwa kuelekezwa na mtu ambaye zana zake zilikuwa wino na karatasi.

Chanzo cha yote kilikuwa Uranusi. Sayari hiyo iligunduliwa Machi 13, 1781 na William Herschel, mpiga kinanda wa mji wa Bath, Uingereza, aliyekuwa akijitengenezea darubini mwenyewe. Kwanza aliidhania kometi, yaani nyota yenye mkia. Uranusi hulizunguka jua kwa miaka 84, kwa hiyo kuifuatilia kunahitaji subira. Wanafalaki walipofukua madaftari ya zamani waligundua kuwa wengine waliiona bila kuitambua, wa kwanza wao John Flamsteed mwaka 1690. Mwaka 1821 Alexis Bouvard wa Paris alijaribu kuunganisha rekodi za zamani na mpya katika hesabu moja, zikakataa. Akaamua kuzitupa za zamani. Haikuchukua miaka mingi, hata hizo mpya zikaanza kumsaliti.

Kisa hiki hakieleweki bila Newton. Kitabu chake cha mwaka 1687 kilisema kila kitu chenye tungamo hukivuta kila kitu kingine. Tungamo likiwa kubwa mvuto huongezeka, na umbali ukiwa maradufu mvuto hubaki robo. Kepler alikuwa ameshaonyesha mwaka 1609 kwamba Mirihi hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, wala si duara kamili. Kwa Newton, duaradufu hiyo ingebaki vilevile milele endapo pangekuwa na jua na sayari moja tu. Lakini sayari ni nyingi, na kila moja inazivuta nyingine. Anayetaka kujua Uranusi itakuwa wapi mwaka kesho sharti ahesabu na mvuto wa Mshtarii na Zohali.

Hayo yote yalihesabiwa, na Uranusi bado ikaasi. Mpaka kama mwaka 1822 ilikwenda kasi kuliko ilivyotakiwa. Baadaye ikawa inachelewa. Mtu aliye mbele yako akikushika mkono hukuvuta uende mbio, lakini ukishampita, mkono uleule hukurudisha nyuma. Le Verrier aliutafuta mkono huo. Wenzake walizoea kuanza na sayari wakahesabu mvuto wake. Yeye alianza na mvuto akarudi nyuma kuitafuta sayari, kazi ya miezi na miezi ya milinganyo kwa mkono. Alibahatisha pia. Sayari aliikadiria kuwa mbali na jua mara 36 kuliko dunia, na kumbe ni mara 30 tu. Lakini kwa miaka ile iliyohusika, mwelekeo ulitoka sawa, na Galle alihitaji mwelekeo tu.

Waingereza nao walikuwa na mtu wao. John Couch Adams wa Cambridge alifanya hesabu kama hiyo, na Oktoba 1845 aliacha karatasi yake kwa George Airy, mkuu wa kituo cha Greenwich. Airy akamwandikia swali, Adams hakujibu. Baadaye James Challis aliisaka sayari hiyo kutoka Cambridge, akairekodi mara mbili Agosti 1846 bila kuitambua, kwa kuwa hakuwa na ramani ile ya Berlin. Habari za Galle zilipofika London magazeti ya nchi mbili yakarushiana maneno. Kwa maoni yangu sifa ni ya Le Verrier. Aliyechapisha hesabu yake hadharani na kutaja mahali ndiye aliyejiweka hatarini kuumbuka.

Basi akawa mtu mkubwa. Mwaka 1854 alipewa ukuu wa kituo cha Paris, ambako ukali wake uliwachosha wafanyakazi hata akaondolewa mwaka 1870, kisha akarudishwa mwaka 1873. Katikati ya vurugu hizo alikuwa akipitia hesabu za sayari zote, moja baada ya moja. Akakwama kwenye Utaridi.

Utaridi ndiyo sayari iliyo karibu zaidi na jua, na mwaka wake ni siku 88. Huku kwetu karibu na ikweta hauhitaji kutaabika sana kuiona, kwa sababu hushuka karibu wima kufuata jua lililozama. Paris hujificha chini kwenye mwanga wa magharibi. Duaradufu yake nayo haijatulia. Ile nukta ambapo sayari hulikaribia jua kuliko pote huhama polepole, kila mzunguko. Sehemu kubwa ya kuhama huko inatokana na kuvutwa na sayari nyingine, hasa Zuhura na Mshtarii. Le Verrier alipotoa hiyo yote, mwaka 1859, ikabaki ziada ndogo ambayo haikuwa na mwenyewe. Simon Newcomb wa Marekani aliipima upya mwaka 1882, akapata sekunde 43 kwa miaka 100, pale ambapo digrii moja ina sekunde 3,600. Ni kama sehemu moja ya 42 ya upana wa mwezi mpevu, kwa karne nzima. Mwingine angeachana nayo.

Le Verrier hakuiacha. Dawa aliyokuwa nayo ilikuwa imeshaponya mara moja: pana kitu kisichoonekana kinachovuta. Safari hii kingekuwa kati ya Utaridi na jua.

Mwisho wa mwaka uleule wa 1859 ikaja barua kutoka Orgères-en-Beauce, kijiji cha kusini-magharibi mwa Paris. Daktari wa kijiji hicho, Edmond Lescarbault, alisema kwamba Machi 26 aliona kitone cheusi cha mviringo kikikatiza mbele ya jua. Le Verrier alifunga safari bila kutoa taarifa, akabisha hodi kwa daktari na kuanza kumhoji kama hakimu bila kujitambulisha. Saa uliyopimia muda iko wapi? Daktari akatoa saa ya mfukoni isiyokuwa na mshale wa sekunde. Na sekunde ulizihesabuje? Akaonyesha kijigololi cha pembe za ndovu kilichofungwa uzi, akakining'iniza na kukisukuma kiyumbe. Hesabu ulizoandika? Karatasi hakuwa nazo. Huandika kwenye mbao, na zikijaa hupiga randa ili aanze upya. Ubao mmoja ulikuwa bado haujapigwa randa.

Mkuu wa kituo cha Paris, aliyewanyanyasa wasomi wenzake kwa kosa la desimali, aliridhika. Hapo ndipo napaona pa kujifunza kuliko usiku wote wa Berlin. Lescarbault hakuwa mwongo. Lakini ushahidi ule, kama ungepinga hesabu za Le Verrier badala ya kuziunga mkono, usingevuka kizingiti cha nyumba ile. Januari 1860 daktari alivishwa nishani ya Légion d'honneur, na sayari ikapewa jina: Vulcan. Ilipangiwa hata mwaka wake, siku 19 na saa 17.

Kilichokosekana ni sayari yenyewe. Emmanuel Liais, aliyekuwa Brazili akiliangalia jua wakati uleule na kwa darubini bora, alisema hakuona kitu. Watu waliendelea kuleta taarifa za vitone, na vingi vikawa madoa ya kawaida ya jua. Le Verrier alifariki Septemba 23, 1877, tarehe ileile ya usiku wa Berlin, akiwa bado anaiamini. Mwaka uliofuata, jua lilipopatwa nchini Marekani, James Craig Watson akiwa Wyoming alitangaza kuwa ameiona. Wenzake wakambishia kuwa aliona nyota za kawaida. Hasira zikampeleka mpaka akaanza kuchimba chumba chini ya ardhi huko Wisconsin, chenye tundu refu la kuchungulia karibu na jua mchana. Alifariki mwaka 1880 kabla hakijakwisha. Mrithi wake alipokijaribu hakuona humo hata nyota angavu.

Jibu lilitoka Berlin, Novemba 18, 1915. Albert Einstein aliiambia Akademia ya Prussia kwamba kwa nadharia yake mpya ya mvutano, ambamo kitu kizito hupinda nafasi na wakati vinavyokizunguka, duaradufu ya Utaridi lazima ihame sekunde 43 za ziada kwa karne. Hakuongeza sayari wala kurekebisha namba. Alisimulia baadaye kwamba alipoipata hesabu hiyo moyo ulimwenda mbio.

Uzoefu huo haukuwatoa watu katika mchezo wa Le Verrier. Percival Lowell wa Marekani alitafuta sayari nyingine kwa kutumia mabaki ya makosa ya Uranusi, na mwaka 1930 Clyde Tombaugh akaikuta Pluto katika kituo alichokianzisha Lowell. Ikaja kubainika kuwa Pluto ni ndogo kuliko mwezi wetu, haina ubavu wa kuisumbua Uranusi. Chombo cha Voyager 2 kilipopita Neptuni mwaka 1989 na kulipima upya tungamo lake, makosa yaliyobaki yakatoweka. Hesabu ya Lowell ilikuwa imejengwa juu ya hewa.

Mwaka 2016 Konstantin Batygin na Mike Brown wa California walikuja na dai jingine: vijiulimwengu kadhaa vya barafu vilivyo mbali kupita Neptuni vina njia zilizoelekea upande mmoja, kama vile vinachungwa na sayari kubwa kuliko dunia mara kadhaa. Wapinzani wanasema mpangilio huo umetokana na pale tu darubini zilipoelekezwa. Wenye dai wamechora njia ambayo sayari hiyo ingeifuata, lakini mahali ilipo kwenye njia hiyo hawawezi kupataja, kwa hiyo anayeitafuta anapewa ukanda mrefu wa anga aupekue, pale ambapo Galle alipewa digrii moja.