Dawa ya meno hunataje kwenye jino?

Meno ya rangi ya kahawia si jambo geni katika maeneo yanayolizunguka Bwawa la Nyumba ya Mungu, mpakani mwa mikoa ya Kilimanjaro na Manyara. Wapo wanaobadili dawa ya meno kila mara wakitarajia kuiondoa rangi hiyo. Matarajio hayo hayatimii, na sababu iko katika namna dawa inavyoshikamana na jino.

Dawa ya meno hutengenezwa kwa kutumia polima, yaani kemikali zilizoungana mfano wa mnyororo mrefu. Mojawapo ni karajinani, itokanayo na mwani kama ule unaolimwa Zanzibar. Kazi yake ni kuzuia maji yasijitenge na unga wa kusugulia.

Polima nyingine hunata kwenye jino. Gamba la nje la jino limejengwa kwa kalsiamu na fosfeti, na hufunikwa na utando mwembamba wa protini za mate. Polima zenye chaji hasi huvutwa na kalsiamu hiyo, hivyo kuifanya dawa ikae kwa saa kadhaa hata baada ya kusukutua.

Hata hivyo, polima hizo huishia juu ya jino. Rangi itokanayo na madini ya floraidi imo ndani ya gamba lenyewe, kwa kuwa huanza jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi. Mto Kikuletwa, unaoingiza maji bwawani, hukusanya maji ya Mlima Meru, eneo lenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa.

Kusugua meno kwa mchanga au mkaa hakusaidii, bali hulila gamba. Daktari wa meno anaweza kuifunika rangi hiyo kwa resini, ambayo nayo ni polima. Kwanza gamba hupakwa asidi ili lipate vijitundu, kisha resini huingia humo na kukaushwa kwa mwanga maalumu.

Kinga ni bora zaidi. Watoto walio chini ya miaka minane wapewe maji yenye floraidi kidogo, na chakula chao kisitiwe magadi. Aidha, ikumbukwe kuwa kuchemsha maji hakuondoi floraidi.