Kalisi, Chokaa na Uji wa Ulezi

Nesi wa kliniki ya mama na mtoto humwambia mjamzito: "Kula vyakula vyenye madini ya chokaa, mifupa ya mtoto ikomae." Mama huitikia kwa kichwa. Chokaa anaijua, si ndiyo iliyopakwa kwenye ukuta alioegemea? Tena kama ni mtu wa Lamu au Unguja, anajua kwamba chokaa huingia hata kinywani, maana bibi yake huipaka kwenye jani la tambuu kabla ya kutia popoo.

"Madini ya chokaa" ndilo jina lililozoeleka la elementi ambayo wanakemia huiita kalisi, au kalsiamu, yenye alama ya Ca. Walioliunda hawakubahatisha. Humphry Davy alipoitenga elementi hiyo jijini London mwaka 1808 kwa nguvu ya umeme, jina lake alilitoa katika calx, neno la Kilatini lenye maana ya chokaa. Kiswahili kimepita njia ileile. Kasoro ni kwamba kwetu neno chokaa tayari lilikuwa na kazi yake.

Chokaa ya pwani hutokana na matumbawe. Mawe hupangwa juu ya rundo la magogo, moto huwashwa, nayo huungua mpaka yakawa meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji hufoka, hutoa mvuke na kumomonyoka kuwa unga laini. Unga huo ndio ulioshikamanisha kuta za miji ya kale ya Kilwa na Gede. Kalisi imo ndani yake, kama sodiamu ilivyomo kwenye chumvi, lakini chokaa yenyewe ni kali, hubabua ngozi na kuunguza macho. Wala tambuu isidhaniwe kuwa dawa ya mifupa: popoo ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya kinywa.

(Hilo neno "madini" nalo! Mtanzania akilisikia huwaza migodi ya Geita na Mirerani kabla ya kuitazama sahani yake.)

Takriban asilimia 99 ya kalisi ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki kimo kwenye damu na tishu nyingine, na hicho hakiruhusiwi kupungua, kwa kuwa moyo hukitegemea ili udunde. Chakula kisipoleta kalisi ya kutosha, mwili huichota mifupani bila kumwuliza mwenyewe. Mara nyingi mtu hahisi lolote kwa miaka mingi, mpaka siku anapoteleza bafuni uzeeni na nyonga ikavunjika.

Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 huwa na kama 300. Gramu 100 za unga wa ulezi huwa na zaidi ya 300, ilhali za unga wa mahindi usioongezwa virutubisho hazifikishi hata 20. Anayeudharau ulezi kwa weusi wake afikiri upya. Ila ulezi una fitati, ambazo huishika kalisi isifyonzwe vizuri. Kuuotesha ukawa kimea, au kuuchachusha, hupunguza fitati hizo. Dagaa nao hufaa kwa sababu huliwa na miiba yao, na miiba ndiyo yenye kalisi, kwa hiyo anayekula minofu tu ya samaki huipata kidogo. Kwa upande wa mboga, mchicha una kalisi nyingi lakini pia oksaleti zinazoizuia. Sukuma wiki ina oksaleti chache, hivyo mwili huifaidi zaidi. Na bila vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua, utumbo hufyonza kalisi kidogo mno. Ndiyo maana mtoto anayefungiwa ndani kutwa anaweza kupata matege hata kama anakunywa maziwa.

Kwangu mimi, neno la kuandikwa ni kalisi. Ni fupi, linatamkika kwetu bila shida, na halimpeleki mtu kwenye ukuta wala kwenye tambuu. "Madini ya chokaa" libaki la kufafanulia mara moja, kwa wale waliolizoea. Nanyi mnaoandika vijitabu vya kliniki, mkishalitaja neno kalisi, andikeni pembeni yake maziwa, dagaa, uji wa kimea cha ulezi na sukuma wiki, kwa sababu hivyo ndivyo mama atakavyoviulizia sokoni.