Titani Ilisifiwa, Uso Wake Ukasahauliwa

Historia ya vipandikizi vya meno imezoeleka kusimuliwa kama sifa ya madini moja. Mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura kwa vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuving'oa avitumie tena, vikagoma, kwani mfupa ulikuwa umevishika. Mwaka 1965, huko Göteborg, alimpandikiza mgonjwa wake wa kwanza skrubu za titani katika taya. Yote hayo ni kweli. Lakini skrubu zile zilichongwa kwa mashine na kuachwa karibu nyororo, na mgonjwa alingoja miezi mitatu au minne kwa taya la chini, na kama sita kwa taya la juu, ndipo afungiwe meno. Leo, penye mfupa mzuri, wapo wanaofungiwa baada ya wiki sita. Titani ni ile ile. Kilichobadilika zaidi ni uso wake, na ninadai kwamba uso huo ndio ulioleta kasi.

Ushahidi ulianza kukusanyika Uswisi. Katika miaka ya 1970 André Schroeder wa Bern alijaribu vipandikizi vilivyopuliziwa titani iliyoyeyushwa kwa joto kali, hata vikawa na ngozi ya kuparuza. Jaribio lililonyoosha hoja lilikuja mwaka 1991, Daniel Buser na wenzake walipoweka nyuso mbalimbali katika mifupa ya miguu ya nguruwe wadogo wa maabara na kupima baada ya wiki tatu na sita. Uso uliong'arishwa uliguswa na mfupa kwa asilimia 20 hadi 25 tu. Uliopigwa mchanga wa chembe kubwa kisha ukachovywa katika tindikali, asilimia 50 hadi 60. (Utando wa madini yanayofanana na ya mfupa ulipata zaidi ya hapo, ila ulionyesha dalili za kuliwa na mwili.) Sababu iko katika siku za mwanzo kabisa. Damu ikiganda kuzunguka kipandikizi, nyuzi zake hushika vijishimo kama mtambaa unavyoshika ukuta wa mawe. Seli za kujenga mfupa hupita juu ya nyuzi hizo hadi kwenye titani na kuanza kujenga papo hapo. Kwenye uso nyororo nyuzi huachia kwa urahisi, na mfupa hulazimika kusogea taratibu kutoka ukingo wa tundu.

Atakayepinga atasema: mbona skrubu nyororo zilidumu? Kweli zilidumu. Ripoti ya Göteborg ya mwaka 1981, iliyofuatilia miaka 15, ilihesabu asilimia 91 zilizobaki imara katika taya la chini, na 81 katika la juu. Lakini pengo hilo la asilimia kumi linasema jambo. Mfupa wa taya la juu ni wa sponji, na huko ndiko uso wa kuparuza ulikuja kusaidia zaidi. Kwa hiyo sidai kwamba mparuzo ndio uliounganisha mfupa na titani. Nadai ulipunguza muda wa kungoja na kuokoa mifupa dhaifu. Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: panaposhika seli hushika pia bakteria, na ufizi ukirudi nyuma, uso mkali huwa maskani yao. Ndiyo maana ule wa kupuliziwa, uliokuwa mkali kupita kiasi, uliachwa. Utafiti wa Ann Wennerberg wa miaka ya 1990 ulikuwa umeshaonyesha kuwa mfupa wenyewe hauhitaji ukali huo: katika sungura, mparuzo wa takriban maikromita 1.5 ulishikwa vizuri kuliko uso laini zaidi na kuliko ulio mkali zaidi. Kipimo hicho cha kati ndicho kinachotawala vipandikizi vingi vinavyouzwa sasa.