Upigaji picha za ndege warukao

Upigaji picha za ndege warukao ni tawi la upigaji picha za wanyamapori linalohusu kumpiga picha ndege akiwa hewani. Ni kazi ngumu kuliko kumpiga picha ndege aliyetua, kwa sababu umbali, mwelekeo na mwanga hubadilika ndani ya nusu sekunde. Makala hii inaeleza mipangilio ya kamera kwa mifano ya Bukoba na Muleba, mkoa wa Kagera, kwenye mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria nchini Tanzania.

Historia

Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alibuni kamera yenye umbo la bunduki, iliyoweza kupiga picha 12 kwa sekunde moja. Aliitumia kuchunguza jinsi ndege wanavyopiga mabawa. Zama za filamu, mkanda wa kawaida ulitoa picha 36 tu, na matokeo yalionekana baada ya kusafishwa. Kamera za dijitali zimeondoa gharama hiyo, hivyo mwanafunzi anaweza kukosea mara mia na kujifunza siku hiyohiyo.

Kasi ya shata

Ndege anayeruka mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 10 katika muda wa 1/100 ya sekunde, lakini milimita 5 tu katika 1/2000. Kwa hiyo:

- Ndege wakubwa wanaopaa polepole, kama korongo mfuko-shingo na tai mla samaki (Haliaeetus vocifer): 1/1000 hadi 1/1600.
- Ndege wa kati, kama yangeyange na mwewe: 1/1600 hadi 1/2000.
- Ndege wadogo wenye kasi, kama mbayuwayu na mdiria: 1/2500 au zaidi.

Kifaa cha kutuliza mtikisiko kilichomo katika lenzi hupunguza mtikisiko wa mikono tu. Hakimzuii ndege kusogea, hivyo hakiwezi kuchukua nafasi ya kasi ya shata.

Uwazi wa lenzi na ISO

Uwazi wa f/5.6 hadi f/8 hutumika zaidi. Kwenye jua kali lisilo na mawingu, mwanga unatosha kwa f/8, 1/1600 na ISO 400. Mawingu yakitanda, jambo la kawaida Bukoba hasa katika masika ya Machi hadi Mei, mpiga picha hulazimika kutumia f/5.6 na ISO 1600 ili kubaki kwenye 1/1600. Picha yenye chengachenga kidogo ni afadhali kuliko picha iliyofifia kwa mwendo, kwa sababu ukungu wa mwendo hauondoleki vizuri baadaye.

Kipimo cha mwanga cha kamera hudanganywa na mandhari ya nyuma. Mnandi mweusi mbele ya anga nyeupe hutoka kama kivuli, hivyo mwanga huongezwa kwa hatua 1 hadi 2. Yangeyange mweupe mbele ya maji meusi hupoteza alama za manyoya, hivyo mwanga hupunguzwa hadi hatua 1. Wapiga picha wengi hupanga vipimo vyote kwa mkono, kwa kuwa ndege anapotoka angani na kupita mbele ya mafunjo, mandhari hubadilika lakini jua linalomwangaza ni lilelile.

Ulengaji

Kamera huwekwa kwenye ulengaji endelevu, unaomfuata ndege anavyosogea, pamoja na upigaji wa picha mfululizo. Lenzi ya milimita 300 hadi 600 inafaa. Ni vyema kuanza kumfuata ndege angali mbali, kuzungusha kiuno badala ya mikono, na kuendelea kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Mdiria Ceryle rudis ni mwalimu mzuri kwa wanaoanza, kwa kuwa huelea mahali pamoja juu ya maji kabla ya kupiga mbizi.

Jua na upepo wa ziwani

Bukoba na Muleba ziwa liko mashariki. Asubuhi jua huchomoza juu ya maji, na anayepiga kutoka ufukweni hupata vivuli vyeusi. Alasiri jua huwa nyuma yake na rangi huonekana vizuri. Hata hivyo, mchana upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na ndege hutua na kuinuka wakiukabili upepo. Aliyesimama ufukweni moja kwa moja hupata migongo na mikia. Dawa yake ni kusimama kwenye rasi au mahali ufuko unapopinda, ili ndege apite ubavuni.

Kwenye mialo ambako dagaa huanikwa, mwewe na yangeyange hukaribia watu, hivyo lenzi fupi hutosha.

Maadili na usalama

Kuwashtua ndege ili waruke ni kosa kubwa. Mzazi akikimbia, mayai hubaki juani au huliwa na kunguru. Korongo taji (Balearica regulorum), anayetaga kwenye vinamasi, yumo katika orodha ya spishi zilizo hatarini, na picha yoyote haina thamani ya kiota kilichoachwa. Urushaji wa droni nchini Tanzania unahitaji kibali. Uwanja wa ndege wa Bukoba uko kando ya ziwa, kwa hiyo mpiga picha huepuka kuuelekezea kamera bila ruhusa.