Mji Ulioachwa Kabla ya Kumalizika

Mwaka 1867 Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliwakaribisha mabalozi wadogo wa Waingereza, Wafaransa, Wajerumani na Wamarekani kwenye karamu katika mji wake mpya, jirani na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Miaka mitatu baadaye alifariki. Ndugu yake Barghash, aliyerithi kiti, hakuutaka mji huo. Ujenzi ukasimama, watu wakatawanyika, na nyumba zikaanza kumezwa na vichaka. Dar es Salaam ikawa gofu kabla ya kuwa mji.

Anayetaka kuuona mwanzo huo aanze Jumamosi asubuhi, jua halijawa kali, kwenye Boma la Kale, Barabara ya Sokoine. Ni jengo la mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, lenye mlango wa nakshi wa Kizanzibari, lililojengwa kuwapokea wageni wa Sultani. Kasri lenyewe lililokuwa kando yake halipo tena. Ni nyumba ya wageni iliyomzika mwenyeji wake, na kwangu hakuna jengo mjini linalolishinda kwa thamani. Simama pale uwakumbuke pia watumwa waliofanyishwa kazi katika mji huu na kwenye mashamba yake ya minazi. Habari zao husimuliwa kidogo mno.

Mwaka 1877 Mskoti William Mackinnon alianza kupasua barabara kutoka hapa kwenda bara. Ilifika maili 70 hivi, nayo ikaachwa. Wajerumani ndio waliouamsha mji, walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Kanisa la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, yote yanayotazama bandari, ni ya enzi yao.

Ukifuata ufukwe kuelekea kivuko cha Kigamboni, njaa itakukuta Feri, kwenye soko la samaki, na ndipo pa kuimalizia. Soko la sasa lilifunguliwa mwaka 2002 kwa msaada wa Japani. Mnada huchangamka alfajiri: changu, kolekole, ngisi, pweza. Chagua samaki wako, wapelekee wakaangaji wenye makarai makubwa ya mafuta, halafu ukae kwa mama lishe upate ugali, kachumbari na pilipili. Usiondoke bila supu ya pweza.

Mitaa ya nyuma ina ofisi zilizopungukiwa na watu tangu wizara zilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, kutimiza uamuzi wa 1973. Eneo hili la Kivukoni limeshaachwa na watawala mara mbili sasa.

Jumapili shika Barabara ya Bagamoyo hadi Kunduchi. Kuna magofu ya msikiti, na makaburi yenye nguzo zilizopambwa kwa vyombo vya Kichina. Msikiti huo ulitangulia mji wa Majid kwa karne kadhaa; pwani hii ilikuwa na waumini, mafundi na wafanyabiashara wa ng'ambo zamani sana kabla ya karamu ya 1867.