Meza Iliyo Sawa: Historia ya Biyari ya Baa na Heshima ya Mgeni

Wazee wetu walituachia methali hii: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Darasani tunaifundisha kana kwamba ni habari ya chakula na kitanda tu. Sisi tulikuja kuielewa mbele ya meza ya biyari, na hatukuielewa kwa furaha.

Ilikuwa mjini Bukavu, katika baa moja ya mtaani, kule ambako nyumba zimepandana mlimani na udongo hautulii. Vijana wa mtaa walipokea ekipe ya mtaa mwingine. Zawadi ilikuwa mbuzi mmoja. Sisi tuliombwa kuwa mwamuzi, juu ya kwamba mwalimu watu wanamwamini. Ile meza ilikuwa imelalia upande wa ukuta. Chini ya mguu mmoja waliweka vifuniko vitatu vya chupa, lakini havikutosha. Wenyeji walijua kwamba ukipiga polepole, mpira unakwenda wenyewe kwenye kona ya kushoto. Wageni hawakujua. Sisi tulijua, tukanyamaza. Kapiteni wa wageni, aliyekuwa mwanafunzi wetu zamani, alitutazama akasema: « Mwalimu, hii meza inalewa kupita siye. » Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Wenyeji wakala mbuzi, na kwa miezi mingi yule kijana alipotuona njiani alivuka upande wa pili.

Juu ya ile siku tumetafuta kujua namna watu wengine wanavyolinda usawa wa meza. Tumeona mfano mzuri katika mchezo mmoja wa Uingereza, mchezo ambao mizizi yake inapita Ubelgiji. Na hata sisi Wakongo tuko ndani ya historia ya biyari, ingawa hatukualikwa kucheza.

1. Majani, mbao na jiwe

Biyari ilianza kama mchezo wa nje, juu ya majani, huko Ulaya. Kiisha ikaingizwa nyumbani na kupandishwa mezani. Kile kitambaa kijani kinakumbusha majani ya zamani. Mfalme Louis XI wa Ufaransa, aliyetawala tangu 1461 hadi 1483, anatajwa kuwa mmoja wa watu wa kwanza kuwa na meza ya namna hiyo ndani ya nyumba.

Kwa muda mrefu uso wa meza ulikuwa wa mbao. Na mbao, kila fundi wa hapa kwetu anajua, inakunywa unyevu, inavimba, inapinda. Meza iliyokuwa sawa wakati wa jua haikuwa sawa wakati wa mvua. Ndipo mwaka 1826, mjini London, John Thurston akaanza kutumia jiwe la ardwazi, lilelile ambalo wanafunzi wa zamani waliandikia shuleni. Jiwe halipindi kama mbao. Tangu hapo shida haikuwa tena uso wa meza, bali sakafu iliyo chini yake.

Mipira nayo ilikuwa ya pembe za ndovu. Hapo ndipo tunapoingia sisi. Katika karne ya 19 misafara ya akina Tippu Tip ilichukua pembe kutoka Nyangwe na Kasongo, Maniema, hadi pwani na Zanzibar. Kwa njia hiyohiyo Kiswahili kilipenya mashariki ya nchi yetu. Kiisha, wakati wa Dola Huru la Kongo (1885–1908), pembe nyingi zilipelekwa Antwerp, Ubelgiji. Nyingine zikawa vinanda, nyingine sanamu, nyingine mipira ya biyari. Ndovu walikufa na wapagazi wakaanguka njiani ili mpira uviringike vizuri juu ya meza ya mtu asiyejua hata jina la Maniema. Miaka ya 1860 Mmarekani John Wesley Hyatt alianza kutafuta kitu cha kuchukua nafasi ya pembe, na leo mipira haitoki tena kwa ndovu. Lakini habari hii inafaa kukumbukwa kila mara tunapozungumza juu ya haki mezani.

2. Kutoka Ubelgiji hadi baa za Waingereza

Katika miaka ya 1930 Mwingereza mmoja, David Gill, aliona Ubelgiji mchezo ulioitwa biyari ya Kirusi. Ulimpendeza, na mfano wake ukapelekwa Uingereza, ambako mafundi walianza kutengeneza meza za kuwekwa ndani ya baa. Mwaka 1936 ligi ya kwanza ilikwisha kuanza mjini Oxford. Mpaka leo mchezo huu, biyari ya baa, unachezwa kwa ligi, zaidi kusini mwa Uingereza na katika kisiwa cha Jersey.

Meza yake si kama ile tunayoizoea hapa. Mchezaji anasimama upande mmoja tu, hawezi kuizunguka; ndiyo maana inaweza kusukumwa karibu na ukuta katika baa ndogo. Mashimo 9 hayako kwenye kona, yako katikati ya uso wa meza, na kila moja lina thamani yake, tangu pointi 10 hadi 200. Mpira mwekundu ukiingia unahesabiwa mara mbili. Mpira ulioingia unateremka chini kwa chini na kumrudia mchezaji. Saa inayofunguliwa kwa sarafu inahesabu dakika zipatazo 17, kisha kizuizi kinashuka na mipira hairudi tena.

Ugumu uko kwenye vigingi vidogo vyenye umbo la uyoga, vilivyosimama mbele ya mashimo. Ukiangusha cheupe, unapoteza pointi za zamu hiyo. Ukiangusha cheusi, kile kilicho mbele ya shimo la 200, unapoteza pointi zako zote tangu mwanzo. Mchezaji hodari anarudia pigo lilelile mara nyingi na kukusanya maelfu ya pointi. Sasa fikiri meza imeinama kidogo tu: mpira unaacha njia yake kwa upana wa kidole, unagusa cheusi, na kazi yote imekufa.

Tunawaeleza wanafunzi wetu jambo hili kwa fizikia. Mteremko unavuta mpira kila nukta ya safari yake. Mpira wa mbio unafika kabla haujavutwa sana. Mpira wa polepole unakaa njiani, na mteremko unapata nafasi ya kuugeuza. Kwa hiyo meza isiyo sawa haiwadhuru wote namna moja: inamwadhibu zaidi yule anayecheza kwa utulivu.

3. Kazi ya kusawazisha

Baa za Waingereza mara nyingi ni nyumba za zamani, zenye sakafu ya mawe au mbao iliyochakaa. Tena meza inasogezwa wakati wa kufagia au kupisha wageni wa chakula. Kwa hiyo kusawazisha si kazi ya mara moja. Inarudiwa, zaidi kabla ya mechi.

Chombo chake ni nivo ya wamasoni, ile yenye povu ndani ya kioo. Mfaransa Melchisédech Thévenot aliibuni karibu na mwaka 1661. Kwanza nivo yenyewe inajaribiwa: unaisoma, unaigeuza mbele nyuma mahali palepale, unaisoma tena. Povu likihama, nivo ni mwongo na haifai kuhukumu meza. Kiisha unaiweka katikati kwa urefu, halafu kwa upana, halafu karibu na kila kona.

Miguu yenye skurubu inapandishwa au kushushwa kidogokidogo. Ukigusa mguu mmoja unabadilisha habari ya mingine, kwa hiyo unarudi kupima yote. Inafaa pia miguu yote 4 ibebe uzito. Mguu unaoning'inia utaleta mtikisiko. Mahali pasipo na skurubu watu wanatia kibao chembamba, au kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi. Lakini karatasi inakunywa bia na kubonyea, ndugu ya vifuniko vyetu vya chupa! Mwishoni wanaacha nivo na kutumia mpira wenyewe: unasukumwa polepole kabisa, na macho yanaufuata mpaka usimame. Ukienda mstari mmoja hadi mwisho, kazi imekwisha. Wenye akili wanaweka alama sakafuni pale miguu inaposimama, ili meza ikisogezwa ijue kurudi kwake.

4. Mwenyeji na mgeni

Katika ligi, ekipe zinapokeana: wiki hii kwetu, wiki nyingine kwenu. Kila meza ina tabia yake, na mwenyeji anaijua kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake. Faida hiyo ndogo hakuna anayeweza kuiondoa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuijua meza yako na kuiacha iwe mbaya kwa makusudi ili mgeni aanguke. Na kwa kuwa wiki ijayo wewe ndiwe mgeni, meza unayoitengeneza leo ni meza unayoomba kesho. Hapo ndipo tuliposoma upya methali yetu. Mgeni akija, mwenyeji anapona, kwa sababu jicho la mgeni linaona mteremko ambao sisi tumeuzoea.

5. Na hapa kwetu?

Sisi tulimtafuta yule kapiteni. Hatukuwa na maneno mengi. Tulimwambia tulijua meza imeinama na tulinyamaza. Alijibu: « Mwalimu, mbuzi si kitu. Ni wewe ndiye uliniuma. » Tulistahili.

Kiisha tulikwenda naye kwenye ileile baa, pamoja na fundi mwashi wa mtaa. Hakuwa na nivo ya povu. Alileta tiyo nyeupe yenye maji, ile wanayotumia kujengea nyumba mlimani, akashika ncha moja kwenye kona, kapiteni akashika nyingine. Maji hayana mtaa, hayana mwenyeji. Vifuniko vitatu viliondolewa, kibao cha mti mgumu kikawekwa, na wenyeji wenyewe wakakubali desturi moja: kabla ya mechi, mgeni ndiye anayesukuma mpira wa kwanza polepole, bila pointi, wote wakitazama.

Udongo wa Bukavu unaendelea kuteremka, na kile kibao kimekwisha kubadilishwa mara mbili. Lakini desturi ingali ipo, na yule kijana havuki tena upande wa pili anapotuona.